"Choose", "chose", "choice": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima, katikati ya jiji la Nairobi. Neno hili dogo limenizulia maswali mengi kuliko yale marefu yanayotisha. Hapa nimekusanya yanayorudi kila muhula. Nikikuelekeza kwenye jibu jingine, nenda huko. Sirudii jambo mara mbili.

## Misingi

1. "Choose" maana yake nini hasa?

Kuchagua. Kuna vitu viwili au zaidi mbele yako, unaviangalia, unachukua kimoja na kuacha vingine. Yule muuzaji wa soko la Gikomba anayepaza sauti "Chagua, chagua, ni mia!" anakuita ufanye jambo hilohilo.

Ila maneno haya mawili hayatoshani. Mama aliyeketi na ungo akitoa mawe anachagua mchele. Ukisema "she is choosing rice", Mwingereza ataelewa kwamba mama yuko hotelini, ameulizwa wali au ugali, naye ametaka wali. Kazi ya ungo ni "picking the stones out of the rice".

Upande wa pili, "choose" huingia mahali ambapo Kiswahili hakisemi chagua kabisa. "She chose not to answer" haina vitu vilivyopangwa mezani. Tungesema alinyamaza makusudi, au aliamua kutojibu.

2. Mwalimu, ni "choose", "chose" au "chosen"?

"Choose" ni ya sasa na ya kila siku. "Chose" ni ya jana. "Chosen" haisimami peke yake, hutegemea "have" au "be": "Every evening I choose the same seat. Yesterday I chose the one by the window. The seat by the door has already been chosen."

Kosa linaloongoza ni "I didn't chose", na chanzo chake kinaeleweka. Katika Kiswahili tunasema nachagua, nilichagua, nimechagua, sikuchagua. Shina -chagua halitikisiki. Wakati unabebwa na kiambishi kilicho mbele. Katika Kiingereza wakati huingia ndani ya kitenzi chenyewe na kukibadilisha. Lakini "did" ikishatokea, mzigo wote wa wakati imeubeba yenyewe, na kitenzi kinarudi kitupu: "I didn't choose." Ichukulie "did" kama ile -li- au -ku- yetu na hutakosea tena.

"Choosed", "chosed" na "choosen" hazipo. Kumbuka ndugu zake: "freeze, froze, frozen" na "speak, spoke, spoken".

Usione haya ukikosea. Niliwahi kutuma barua ya kuomba kazi iliyoanza "I have chose your school because". Niliona kosa siku tatu baadaye kwenye nakala yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kufundisha Kiingereza.

3. Yanatamkwaje?

"Choose" ni "chuuz", u ndefu na z mwishoni. "Chose" ni "chouz". "Choice" ni "chois", na hapo mwisho ni s kweli.

Sisi wa Nairobi irabu hazitusumbui. Kinachotuponza ni ile z ya mwisho, ambayo tunaigeuza s. Ukisema "chuus" haraka, mgeni anaweza kusikia "juice" na kukuuliza ya embe au ya parachichi. Na "chews", yaani anatafuna, hutamkwa sawasawa na "choose", kwa hiyo hapo mwache msikilizaji aamue kwa muktadha.

4. Mbona "lose" ina o moja na "choose" ina mbili?

Hakuna kanuni ya kukuokoa. "Lose", kupoteza, ni "luuz", na inafanana na "choose" kwa sauti. "Loose", -liolegea, ni "luus", nayo inafanana na "choose" kwa maandishi. Kariri tu. Mabango ya kando ya barabara yanayokwambia "Don't loose this chance" yanakutaka usiilegeze nafasi.

5. "Choice" ni kitenzi?

Ni nomino. Huwezi kusema "I choice you". Nayo hubeba mambo matatu: tendo la kuchagua, kitu kilichochaguliwa, na wingi wa vitu unavyoweza kuchagua, kama katika "a good choice of shoes". Kiswahili kimegawanya kazi vizuri zaidi: uchaguzi ni tendo, chaguo ni kitu. Kwa hiyo "my first choice" ni chaguo langu la kwanza, si uchaguzi wangu wa kwanza, isipokuwa unazungumzia mara ya kwanza ulipopiga kura.

## Maneno madogo yanayoandamana nalo

6. "Between", "among" au "from"?

Vitu vikitajwa kimoja kimoja, "between", na kiungo chake ni "and": "choose between rice and chapati". "Between rice or chapati" ni kosa, ingawa swali la mhudumu, "Rice or chapati?", ni sahihi. Kwa orodha, rundo au menyu, "from": "choose from the menu". Kwa kundi lisilohesabiwa mmoja mmoja, "among".

Wengi tulifundishwa kwamba "between" ni ya vitu viwili tu. Amri hiyo imebanwa kupita kiasi. "I had to choose between Ruiru, Juja and Thika" ni Kiingereza safi, kwa sababu kila mji umetajwa kwa jina na unalinganishwa na mingine.

7. Kwa nini "I choose tea than coffee" ni kosa?

Kwa sababu "than" hapo ni "kuliko" yetu iliyovaa suti. Nachagua chai kuliko kahawa, sawa kabisa, Kiingereza hakikubali. Kila kitenzi kina neno lake: "choose tea over coffee", "prefer tea to coffee", "would rather have tea than coffee". Umeona "than" imetua wapi? Inamfuata "rather". Bila "rather", iache.

Nasikia "prefer than" hata redioni, kutoka kwa watu wenye digrii mbili.

8. "I chose to go" au "I chose going"?

"I chose to go." Na ukitaka kusema "I chose that we meet on Friday", tumia "decide" badala yake, "choose" haipendi kubeba sentensi nzima mgongoni.

9. Ni "do a choice" au "make a choice"?

"Make." Lakini nina ombi kwa wanaotafsiri kwenda Kiswahili: acheni "fanya uchaguzi wako". Tunalo neno "chagua", silabi tatu, limeshamaliza kazi.

## Jamaa zake wa karibu

10. Nikisema "I'll pick you at Archives" nimekosea?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Mkazi yeyote wa Nairobi ataelewa: subiri pale mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka, nitakupitia. Mwingereza ataona kitu kingine. Kwake "pick you" ni kukuchagua, kama nahodha anayeteua wachezaji uwanjani, na atashangaa kwa nini umteulie Archives. Kumpitia mtu ni "pick you up". Hali kadhalika "he is not picking my calls": kwa kawaida ya Uingereza ni "picking up", au "answering my calls".

Je, ni kosa? Msimamo wangu ni huu: sisi kwa sisi, hiyo ni Kiingereza ya Kenya na inafanya kazi. Sitamsahihisha mtu kwenye matatu. Ukiandika mtihani wa kimataifa au barua ya kwenda nje, ongeza "up".

Sasa "pick" na "choose" zinatofautianaje zinapokutana kwenye kuchagua? "Pick" ni ya haraka, ya mkono, haina sherehe: "pick a number". "Choose" ina kufikiri ndani yake: "choose a career". Ukisema "pick a husband" unachekesha, maana umemfanya bwana kuwa nyanya ya sokoni. Na kwa kweli mkono ndio asili ya matumizi hayo: wachumaji wa majani chai kule Limuru ni "tea pickers".

Turudi Gikomba. Robota la mitumba linapofunguliwa, wanaowahi hunyakua "kamera", zile nguo za daraja la kwanza. Mwisho hubaki "fagia". Mwanafunzi mmoja anayeuza pale aliniuliza Kiingereza kinaitaje haki ile ya kuwahi. Kinaiita "first pick". Na ile kamera yenyewe, bora ya zote, ni "the pick of the bunch". "Choice" ingeeleweka, lakini haina ule mkono unaochakura.

11. "Select" ina nini ambacho "choose" haina?

Vigezo, na mara nyingi ofisi. Anayefanya "select" ana orodha ndefu na kipimo cha kuipunguza. Ndiyo maana kwa miaka mingi wazazi walisubiri "Form One selection". Mtoto alikuwa anachagua shule anazozitaka, hiyo ni "choose". Kisha akafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ndipo Wizara ikapanga nani aende wapi kwa alama, hiyo ni "select". Kwa hiyo "she chose that school" na "she was selected to join that school" ni habari mbili tofauti, na kati ya hizo mbili kulimwagika machozi mengi.

Mfumo umebadilika, maneno pia. Anayeingia shule ya upili sasa anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja; sayansi za jamii; au sanaa na sayansi ya michezo. Na KUCCPS, inayopeleka wanafunzi vyuoni, hutumia "placement". Unafanya "choose", halafu unafanyiwa "placement". Angalia ni nani anayetenda na utajua kitenzi cha kutumia.

Kwenye kompyuta, "select" ni kukiwekea kitu alama kabla hujakitenda lolote. Hakuna hisia hapo.

12. "Elect", "nominate" na "appoint" zote ni kuteua?

Hapana, na magazeti yetu ya Kiswahili yanachanganya mambo. "Elect" ni kuchagua kwa kura. "Nominate" ni kupendekeza jina. "Appoint" ni kumpa mtu kazi rasmi.

Katiba ya mwaka 2010 inazitofautisha kwa makini. Ibara ya 152 inasema Rais "nominates" waziri, na Bunge la Taifa likiidhinisha, "appoints". Hatua mbili. Kichwa cha habari kinaandika "Rais ateua mawaziri" siku ya kwanza, na wiki kadhaa baadaye "Rais ateua mawaziri" tena, msomaji akadhani ni wengine. Mimi ningeandika "apendekeza" ile mara ya kwanza.

Ibara ya 97 inaleta mkorogo mwingine. Katika Bunge la Taifa, wabunge 290 wa maeneo bunge na wanawake 47 wa kaunti ni "elected". Wale 12 wanaoingia kupitia orodha za vyama ni "nominated", na hapa neno halimaanishi kupendekezwa tu: mtu amekwisha kuketi bungeni. Halafu "party nominations" ni mchujo, ambako watu hupiga kura! Neno moja, kazi tatu. Msinilaumu mimi.

Na "president-elect" ni Rais mteule, ingawa amechaguliwa. Teule ina heshima ambayo chaguliwa haina. Ndiyo maana hata katika Biblia waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache. Kiingereza chake hapo ni "chosen".

13. "Prefer" ni kupendelea?

Wakati mwingine, lakini kuwa mwangalifu. "Mwalimu anapendelea" ni lawama: ana mtoto wake kipenzi. "I prefer" haina lawama. Ni napenda zaidi, au afadhali. Usiseme "I more prefer" wala "I prefer more", kwa sababu "zaidi" imo ndani tayari. Neno linaloifuata liko kwenye jibu la 7.

14. "Option" na "alternative"?

"Option" ni mojawapo ya vinavyoweza kuchaguliwa. "Alternative" ni ile njia nyingine, ya badala. Barabara ikifungwa unatafuta "alternative route".

## Misemo

15. "No choice but to" inatafsiriwaje?

Sina budi. Usihangaike na "sina chaguo ila". Katika Kiingereza kinachofuata ni kitenzi kitupu: "The matatus were on strike, so we had no choice but to walk." Na "by choice" ni kwa hiari, kama mtu anayetembea kutoka mjini hadi Kawangware kwa ajili ya afya yake na si kwa sababu nauli imepanda.

16. "Hobson's choice" ni nini?

Thomas Hobson aliishi Uingereza kati ya 1544 na 1631, akikodisha farasi mjini Cambridge. Wateja walitaka farasi wale wazuri tu, nao walikuwa wanachoka. Akaweka sheria: unachukua farasi aliye karibu na mlango, au unaondoka bila farasi. "Hobson's choice" basi ni kuambiwa uchague ilhali kilichopo ni kimoja.

Mnamjua. Anaendesha kibanda cha chakula karibu na kwenu.

"Kuna nini leo, mama?"
"Kuna kila kitu."
"Nipe chapati na ndengu."
"Chapati zimeisha."
"Wali?"
"Wali bado. Nikuwekee ugali matumbo?"

Wengi hutumia msemo huu kwa mtu aliyebanwa kati ya mabaya mawili. Hapo si mahali pake. Anayechagua baya lililo dogo kachagua "the lesser of two evils", na Kiswahili kimesema heri nusu shari kuliko shari kamili.

17. Kuna methali yetu ya "Beggars can't be choosers"?

Iliyo karibu ni "Mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa". Lakini sikiliza tofauti. Ya Kiingereza husemwa na anayetoa, kumnyamazisha anayepokea: umepewa, shukuru. Yetu inaweza kusemwa na mwenye shida mwenyewe, na inauma.

Zipo nyingine zinazowaandama wachaguzi. "Mchagua jembe si mkulima" inamshuku mchaguzi kwa uvivu. "Mchagua nazi hupata koroma" inamwonya kwamba atachagua na kuchagua mpaka aambulie ile changa. Hizi mbili usizitafsiri kwa ile ya ombaomba. Mchaguzi wa nazi ana pesa zake mkononi.

18. "Choosy", "picky" na "selective" ni sawa?

Zote ni mchaguzi, ladha zinatofautiana. "Picky" ni mtoto anayetoa vitunguu kwenye mchuzi kimoja kimoja. "Choosy" ni mtu mzima asiyeridhika upesi. "Selective" ndiyo ya kuandika kwenye barua ya kazi, isipokuwa kumbukumbu zako ndizo "selective", maana hapo unasemwa kwamba unakumbuka yanayokufaa tu.

19. Nimeona "choice beef". Nyama imechagua nini?

Haijachagua, imechaguliwa. "Choice" kama kivumishi ni -bora. Nchini Marekani ni daraja rasmi la nyama ya ng'ombe: ya juu ni "Prime", ikifuatwa na "Choice", kisha "Select". Yaani "Choice" ni bora kuliko "Select". Kwa hiyo kamusi haitakusaidia buchani. Na mtu akikutupia "a few choice words", ujue umetukanwa.

## Pembezoni

20. Nimekuta "chuse" katika maandishi ya zamani. Ni kosa la chapa?

Si kosa. Ni tahajia iliyokuwa ya kawaida. Katiba ya Marekani inasema Baraza la Wawakilishi "shall chuse their Speaker". Ukiandika hivyo leo katika mtihani utakatwa alama, na hoja ya katiba haitakuokoa.

21. Neno lilitoka wapi?

Kiingereza cha kale kilikuwa na "ceosan", na ukoo wake wa mbali unakutana na "gustare" ya Kilatini, kuonja. Muuza maembe wa Marikiti anayekukatia kipande kabla hujanunua angeafiki. "Choice" ilipitia njia ya mzunguko: Kifaransa kiliichukua kutoka lugha za Kijerumani za zamani, na Waingereza wakaipokea kwa Wafaransa. Mzizi ni uleule, umerudi nyumbani na nguo za ugenini.

22. "Nimechoose" ni Kiswahili?

Ni ya mtaani, na huko iendelee. Angalia tu kwamba Sheng imelitendea neno kama tunavyotenda kila kitenzi: nime-, nili-, siku-, na shina halibadiliki. Hakuna kijana anayesema "nilichose". Rudi jibu la 2 uone kwa nini.

23. Natafsiri fomu. "Choose one", "default option" na "multiple choice" niziandikeje?

"Chagua moja" inatosha, lakini tazama ngeli: jibu ni chagua moja, kisanduku ni chagua kimoja, mtu ni chagua mmoja. Fomu nyingi huanguka hapo. "Default option" katika programu za Kiswahili imezoeleka kama chaguo-msingi. "Multiple choice" ni maswali ya kuchagua jibu. Na ukikuta "delete whichever is not applicable", andika "kata isiyohusika", kisha acha nafasi ya kutosha kwa kalamu.